Msikilize Anavyolia

Tulikuwa kwenye benchi la kliniki ya watoto, asubuhi, foleni imeshatoka nje ya mlango. Dada yangu alikuwa amempakata mwanawe wa kiume, miezi miwili na ushee. Kovu la upasuaji wa mgongoni lilikuwa limeshakauka. Kichwani, chini ya nywele laini, ulionekana mwinuko mdogo wa valvu, na mpira wa kutolea maji ya ubongo ukishuka nyuma ya sikio kuelekea shingoni.

Mtoto akaanza kulia. Alikunja uso, akafumba macho, akaachama kinywa chote, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, kama inatoka chumba cha pili.

Bibi aliyeketi pembeni yetu na mjukuu wake akatabasamu. "Una bahati mwanangu. Mtoto wako hata kulia analia kwa adabu."

"Asante bibi," dada akajibu.

Nesi akampima uzito, akazungusha futi kichwani, akaandika kwenye kadi. "Kichwa hakijaongezeka sana. Na kweli ni mtulivu huyu."

Analia kwa adabu. Maneno hayo yalinikaa. Nilikuwa nikiosha vyombo yananijia, nikipanda daladala yananijia. Yalisemwa kwa upendo na bibi aliyeona mengi kuliko mimi, lakini kuna kitu ndani yangu kilikataa kuyapokea. Mtoto mwenye njaa, aliyekunja uso namna ile, halii kwa adabu. Analia kwa nguvu zake zote. Kama nguvu zake zote ndizo hizo tulizosikia, basi kuna tatizo.

## Tunachokitazama

Huku kwetu mgongo wazi na kichwa kikubwa si habari ngeni. Tumeona matangazo ya kambi za upasuaji, tumechangia kwa simu, tunawajua wazazi waliokwenda hospitali kubwa kama MOI pale Muhimbili, Bugando au KCMC. Mtoto akizaliwa na uvimbe mgongoni, tunajua afungwe mapema kabla maambukizi hayajaingia. Kichwa kikianza kukua kupita kawaida, tunajua ni maji, na maji yanatafutiwa njia.

Kwa hiyo tunatazama mgongo, tunapima kichwa.

Katikati ya viwili hivyo kuna kisogo na shingo, na hapo ndipo lilipo jambo la tatu ambalo karibu kila mtoto mwenye mgongo wazi wa aina kali huzaliwa nalo. Sehemu ya nyuma ya ubongo wake imeshuka. Imepita kwenye tundu la chini ya fuvu na kuingia kwenye mfereji wa shingo, mahali panapotakiwa kuwa na ugwe wa mgongo peke yake. Madaktari wanaiita Chiari aina ya pili, kwa jina la Hans Chiari, mtaalamu wa Austria aliyechunguza maiti za watoto huko Prague na kuandika maelezo yake mwaka 1891, kisha akayapanua mwaka 1896.

Dada aliambiwa jina hilo mara moja, siku ya kuruhusiwa, katikati ya maelekezo ya kidonda na tarehe ya kurudi. Lilipita. Nani angelishika siku hiyo?

## Kisogoni

Nilipoanza kusoma, kilichonishangaza kwanza ni kwamba ubongo wenyewe si lazima uwe na kosa la asili pale kisogoni. Maelezo yanayokubalika zaidi, yaliyotolewa na McLone na Knepper mwaka 1989, yanaanzia mgongoni. Mtoto akiwa tumboni, maji ya ubongo yanavuja kupitia ule uwazi wa mgongo. Maji hayo ndiyo yanayotanua vyumba vya ubongo kwa ndani na kulisukuma fuvu likue. Yakivuja, sehemu ya nyuma ya fuvu inabaki finyu. Ubongo wa kisogoni, yaani serebela na shina la ubongo, unaendelea kukua ndani ya nafasi isiyoutosha, nao unatafuta pa kwenda. Pa kwenda ni chini.

Ukishuka, unaziba tundu lile kama gunzi kwenye mdomo wa kibuyu. Maji ya ubongo hayapiti vizuri tena, yanajaa juu, na kichwa kinaanza kukua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mgongo, kisogo na kichwa cha mtoto wetu si magonjwa matatu. Ni mkasa mmoja uliotokea kwa zamu, ulioanza kabla hatujajua kama yupo.

Na shina la ubongo si sehemu ya kuchezea. Kupumua kunaongozwa pale. Mishipa ya fahamu inayofanya mtoto ameze na inayoendesha nyuzi za sauti kooni inatokea pale pale. Shina likivutwa na kubanwa, dalili hazijitokezi kisogoni anapoweza kuziona mtu. Zinatokea kooni. Sauti inakuwa nyembamba au inakauka. Mtoto anapaliwa kila anaponyonya, maziwa yanarudi puani. Akivuta pumzi unasikia mluzi au mkoromo. Pumzi inakatika kidogo usingizini. Mikono inalegea, shingo inapinda kwenda nyuma.

Wengi hawafiki huko. Vitabu vya upasuaji wa ubongo vinakadiria kwamba katika kila watoto watatu wenye Chiari ya aina hii, takriban mmoja ataonyesha dalili zake katika miaka ya mwanzo. Ila wanaozionyesha wakiwa vichanga ndio walio hatarini zaidi. Katika watoto wenye mgongo wazi, hili ni miongoni mwa mambo yanayoongoza kwa kuua kabla ya miaka miwili.

Anayeua si mgongo, wala si ukubwa wa kichwa. Ni koo lisilomeza na pumzi isiyorudi.

## Jina moja, mambo mawili

Niwatahadharishe wazazi wenzetu mtakaoandika jina hili kwenye simu zenu usiku, kama nilivyofanya. Mengi yatakayokuja si ya mtoto wenu.

Yatakuja maelezo ya Chiari aina ya kwanza. Hiyo ni ncha za chini za serebela kushuka kidogo, kwa kawaida zaidi ya milimita 5 chini ya tundu la fuvu, kwa mtu ambaye hakuzaliwa na mgongo wazi. Watoto wengi wanayo na hawana habari. Inaonekana kwa bahati tu mtu anapopigwa MRI kwa sababu nyingine, na wengi wao wanaangaliwa bila kupasuliwa. Ikisumbua, mtoto mkubwa analalamika kichwa kinamuuma kisogoni hasa akikohoa, akicheka au akijikamua chooni. Wengine maji yanatengeneza uwazi ndani ya ugwe wa mgongo, na uti unaanza kupinda.

Nilipoteza usiku mwingi nikisoma habari za watu wazima wa Marekani wenye maumivu ya kichwa, nikitafuta mtoto wetu humo ndani. Hakuwemo. Aina ya pili ina sheria zake, na sheria yake ya kwanza kabisa sikuijua hadi tulipolazwa.

## Usiku wa mluzi

Alipaliwa akinyonya. Hilo halikuwa jipya, alikuwa akipaliwa mara kwa mara, na tulishaambiwa na wengi kwamba ni pupa ya kichanga. Lakini safari hii maziwa yalitoka puani, akakakamaa, kichwa kikarudi nyuma, midomo ikabadilika rangi. Dada akamgeuza kifudifudi mkononi. Pumzi iliporudi ilikuja na mluzi, na mluzi ule haukuondoka.

Hospitali ya kwanza tuliyokimbilia walisikiliza kifua, wakasema nimonia, wakaanza sindano. Sikatai kwamba kifua kilikuwa na kitu. Mtoto anayepaliwa kila siku maziwa yataingia mapafuni siku moja. Lakini siku zilipita, homa ikashuka, mluzi ukabaki. Tuliuliza kama unahusiana na mgongo wake. Tukajibiwa mgongo umepona vizuri.

Tukaomba rufaa. Dada ndiye aliyesimama. Mimi ni mdogo wake, nilikuwa namshika mkono tu, lakini ninakumbuka alivyosema kwa sauti ya chini kabisa: "Daktari, naomba aonwe na bingwa wa ubongo. Nisamehe, lakini naomba."

Bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu alikuwa daktari kijana. Alitusalimia, akaketi, hakugusa faili.

"Mama, analiaje?"

Dada akamtazama.

"Akilia. Sauti yake ikoje? Ni ile ile aliyozaliwa nayo?"

Hakuna aliyewahi kutuuliza. Dada alifikiri kidogo, kisha akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyokuwa wazi kwamba alikuwa anajua siku nyingi. Siku za kwanza, baada ya upasuaji, mtoto alilia hadi wodi ya jirani wakasikia. Kisha sauti ikapungua taratibu, wiki kwa wiki. Alikuwa na jibu kamili, lenye tarehe zake. Swali ndilo lililokosekana.

## Mpira kwanza

Nilidhani tutapelekwa moja kwa moja kufungua shingo. Nilishasoma habari za upasuaji huo na nilikuwa nimejiandaa kuogopa.

Daktari akasema kabla hajazungumzia shingo anataka kujua kama mpira unafanya kazi. Akatuchorea kwenye kipande cha karatasi: maji yakijaa juu, yanausukuma ubongo wa kisogoni chini zaidi, unabanwa pale pale ulipokwisha kubanwa. Mtoto ataonyesha dalili za shingo, wakati kosa liko juu. Kwa hiyo kila mtoto mwenye Chiari ya aina hii akianza kukoroma, kupaliwa au kubadilika sauti, jambo la kwanza ni mpira. La pili ni mpira. Shingo inafuata.

"Lakini kichwa chake hakijakua sana," nikasema. "Wamempima wiki iliyopita."

"Kichwa kinaweza kuchelewa kusema," akajibu. "Koo likatangulia."

Siti skani ikaonyesha vyumba vya maji vimetanuka kuliko picha ya baada ya upasuaji wa kwanza. Wakamwingiza chumba cha upasuaji, wakakuta ncha ya juu ya mpira imeziba. Wakaibadilisha.

Sauti haikurudi siku ile, wala ya pili. Hizo zilikuwa siku ngumu kuliko zote, kwa sababu tulishapewa tumaini na tumaini halikutoa sauti. Mluzi ulianza kupungua kwanza. Kisha akanyonya bila kupaliwa, mara moja, mara mbili. Asubuhi moja nesi alipokuwa akimchoma sindano alilia, na mama wa vitanda vya mbele wakageuka wote.

Dada aliketi chini kwenye sakafu, akalia naye.

## Kitanda cha jirani

Ningependa kuishia hapo, lakini si haki, kwa sababu kitanda cha jirani alikuwepo mtoto ambaye mpira wake ulikuwa mzima.

Alikuwa na mluzi ule ule. Walipima, wakapiga picha, maji yalikuwa sawa. Kwake yeye shingo ndiyo ilibaki. Mtoto analazwa kifudifudi, wanachana nyuma ya shingo, wanaondoa matao ya nyuma ya pingili za juu ili ubongo ulioshuka upate nafasi. Katika aina ya pili tundu la fuvu lenyewe mara nyingi ni pana tayari, kwa hiyo kazi kubwa iko shingoni, na mishipa mikubwa ya damu ya ubongo imekaa chini kuliko kawaida, hivyo kupanda juu ovyo ni kukaribisha damu nyingi. Haya mama yake alielezwa yote. Alielezwa pia kwamba nyuzi za sauti zikikaa zimelala kwa muda mrefu, huenda zisiamke hata nafasi ikipatikana.

Akaniuliza mimi, kwenye korido, kama ningekuwa yeye ningekubali.

Sikuwa na jibu na sina hadi leo. Madaktari wenyewe hawako kauli moja kuhusu wakati sahihi na mtoto yupi anafaidika. Wapo wanaosema pasua mapema kabla koo halijafa ganzi. Wapo wanaosema shina la ubongo la baadhi ya watoto hawa halikuumbika sawasawa tangu mwanzo, na kwa hao kupanua nafasi hakurudishi kilichokuwa hakipo. Ukisoma pande zote mbili unaona kila upande una watoto waliokufa mikononi mwake na unasema kwa uchungu.

Alikubali. Mtoto alipasuliwa, akaishi. Akalishwa kwa mpira wa puani kwa muda. Waliwahi kuzungumzia kumtoboa koo apumulie hapo, na nikaona hofu machoni mwa mama yule, kwa sababu kijijini kwake umeme haukai na mashine ya kunyonya makohozi inahitaji umeme. Mungu saidia haikufika huko. Tunaongea kwa simu. Anakula uji kwa kijiko, taratibu, ameketishwa wima. Sauti yake haijarudi sawasawa.

## Mbale

Ukishaishi na mpira kichwani kwa mtoto, unaishi na hofu ya kuziba. Unaweza kuziba mwaka wa kwanza, unaweza kuziba akiwa shuleni. Kwa familia iliyo saa nyingi kutoka kwa daktari wa ubongo, kuziba ni mbio za kifo.

Kwa sababu hiyo nilisoma kwa hamu habari za Mbale, mashariki ya Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE. Daktari Benjamin Warf alianza huko, miaka ya 2000, kufungua njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba na wakati huo huo kuchoma sehemu inayotengeneza maji, ili mtoto asihitaji mpira kabisa. Kwa watoto wengi wenye mgongo wazi ilifaa. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa pale pale, vichanga 100 wenye kichwa kikubwa kilichotokana na maambukizi, njia hiyo ikilinganishwa na mpira. Baada ya mwaka mmoja maendeleo ya akili ya makundi mawili hayakutofautiana kwa maana.

Na jambo jingine la Mbale ambalo kila mzazi aliyeambiwa "huu mpira ni wa bei rahisi" anapaswa kulijua: mpira wa Chhabra unaotengenezwa India ulilinganishwa na wa gharama kubwa zaidi kwa watoto 195 wa Uganda, na matokeo ya mwaka mmoja hayakuonyesha tofauti ya maana. Mtoto wetu amewekewa huo wa bei nafuu. Nililala vizuri baada ya kusoma hilo.

## Kabla hajazaliwa

Kuna upasuaji unaofanyika mimba ikiwa haijafika wiki ya 26. Wanafungua tumbo, wanafungua mji wa mimba, wanafunga mgongo wa mtoto, wanamrudisha akue. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mgongo ukifungwa tumboni maji hayavuji tena, na ubongo wa kisogoni unapanda kurudi mahali pake. Kufikia umri wa mwaka mmoja, asilimia 36 ya watoto hao hawakuwa na mshuko wowote, dhidi ya asilimia 4 ya waliofungwa baada ya kuzaliwa. Waliohitaji mpira walikuwa asilimia 40 badala ya 82.

Nilisoma namba hizo mara kadhaa, kisha nikamkasirikia kila mtu.

Hasira imepungua niliposoma zaidi. Watoto wale walizaliwa kabla ya wakati, kwenye wiki ya 34 kwa wastani badala ya 37, na wapo waliozaliwa kabla ya wiki ya 30. Mama anabaki na kovu kwenye mji wa mimba linaloweza kuachia mimba inayofuata. Na kupata nafasi hiyo kunaanza na altrasaundi ya mapema inayosomwa na mtu anayejua anachotafuta. Dada alipigwa altrasaundi moja, mimba ikiwa imeshakua, akaambiwa mtoto amekaa vizuri.

## Siku 28

Mfereji wa fahamu wa mtoto unajifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wanawake wengi siku hiyo hawajajua kama ni wajawazito.

Nataka hili lisomwe na kila aliyemwangalia dada yangu kwa jicho la lawama, akauliza alikula nini, alikosana na nani, kwao kuna nini. Vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi tunapewa kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, minne. Vinafaa kwa mengi, ila kwa mgongo mlango umeshafungwa. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulithibitisha kwamba foliki asidi ikianza kabla ya mimba, kwa mama aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hii, inapunguza kujirudia kwa asilimia 72. Ndiyo maana inatakiwa iwe kwenye unga.

Sheria ipo. Tanzania kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga wa ngano na mahindi zilitungwa mwaka 2011, Kenya wakafuata 2012. Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu jambo hili hili. Lakini unga wa nyumbani kwetu hautoki kiwandani. Mahindi yanabebwa kwa ndoo hadi mashine ya kusaga ya mtaani, yanarudi dona, na hakuna kilichoongezwa. Mpaka mashine ile ndogo ifikiwe, kanuni inawalinda wanaonunua pakiti.

Dada sasa anameza dozi ya miligramu 5 kila siku, kwa maelekezo ya daktari wake. Hajashika mimba. Ndivyo inavyotakiwa.

## Sasa

Mtoto ana sauti ya kuita kutoka jikoni hadi barabarani. Anajisukuma kwa mikono sakafuni kwa kasi inayotutia hofu. Mikono ndiyo tunayoiangalia siku hizi, kwa sababu kwa watoto wakubwa Chiari inaweza kurudi kwa njia hiyo: kiganja kinapoteza nguvu, kijiko kinaanguka, shingo inauma, uti unapinda.

Wiki iliyopita dada aliona bega la kushoto limekaa chini kuliko la kulia anapooga. Huenda ni namna anavyoketi. Huenda ni maji yaliyotengeneza uwazi ndani ya ugwe wa mgongo, au ugwe wenyewe umenasa kwenye kovu la kule chini unavutwa anavyokua. MRI imepangwa. Dada ameandika maswali kwenye daftari, na alipompigia daktari kumweleza habari ya bega, kabla hajamaliza aliulizwa kama mtoto anatapika asubuhi, kama analala kuliko kawaida, na kama sauti iko vile vile.

Anaanza na mpira.